Mkono Ule Wakati wa Sala

Mwenzi wangu ndiye aliyeniambia, na wala hakujua kama ananiambia.

Ilikuwa siku yetu ya maandalizi, siku moja katika wiki ambayo sisi wamisionari tunaruhusiwa kufua, kupiga deki, kwenda sokoni na kuzungumza na nyumbani. Nilikuwa nimetoka kukata simu ya video muda si mrefu. Kila nikizungumza na nyumbani nilikuwa nashinda naimba, na siku hiyo niliimba huku nakamua sketi kwenye beseni la bafuni, maji yananirukia mpaka kwenye miwani. Mwenzi wangu, dada niliyepangiwa kutumikia naye, alisimama mlangoni ameinama kidogo, kama kawaida yake, maana milango ya nyumba ile haikutengenezwa kwa binadamu wa urefu ule. Mimi nilimbatiza jina la Twiga tangu wiki ya kwanza. Alipoelezwa maana yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyumbani kwenu mnapendana," alisema, kwa ile lugha ya ugenini ambayo yeye na mimi tuliiokota huko huko kazini, kila mmoja na makosa yake.

"Sana."

"Na mume wa mdogo wako ana uso wa upole."

Nikacheka. "Mdogo wangu hana mume, Twiga. Huyo uliyemwona ni wangu mimi. Ndiye Fundi, yule ninayekusimulia mpaka unasinzia."

Twiga hakucheka. "Yule wa shati la bluu?"

"Ndiyo."

"Anayekaa kushoto kwa mdogo wako?"

"Huyo huyo. Kwani pale wako wanaume wangapi?"

Akachukua taulo lililokuwa limeshakunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya. Twiga hajui kudanganya. Ukimbana atatafuta kazi ya kufanya, na nilipoona taulo lile linakunjwa kwa mara ya pili, sketi ikaniponyoka ikarudi kwenye maji.

"Twiga. Umeona nini?"

"Labda kwenu ni kawaida," alisema, haniangalii. "Kwetu mwanamume hamshiki hivyo mwanamke asiye mkewe. Lakini nimejifunza hapa kwamba dunia ni kubwa."

"Anamshika vipi?"

"Mkono tu. Mkifumba macho."

Simu zetu za nyumbani tulizifunga kwa sala, na aliyesalisha nilikuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kwenye kazi ya Bwana. Huko nyumbani waliegemeza simu kwenye jagi la maji juu ya meza, wakajipanga kwenye kochi: mama huku, Fundi kule, na mdogo wangu katikati. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini asiwe mama aliyekaa katikati.

"Na wewe mbona hufumbi macho?" nilimrukia Twiga, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Nisamehe. Lugha yenu siielewi hata neno, sijui unamaliza lini. Nakuangalia wewe, nawaangalia na wao, ili niseme Amina pamoja nanyi."

"Ni leo tu?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

Alisogea akaniwekea mkono begani, mkono wake mrefu. "Tangu nilipohamishiwa kwako. Bado tulikuwa tunavaa makoti."

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, msije mkadhani nilichanganyikiwa kwa ajili ya mwanaume yeyote tu.

Fundi alikuwa fundi wa makochi. Alikuja nyumbani kwetu baba alipofariki, kwa sababu mama hakuweza tena kuliangalia lile bonde alilokuwa amelichimba baba kwa miaka yake yote ya kukaa upande mmoja. Aliling'oa lile kochi kitambaa na sponji, na humo ndani akaikuta kalamu ya baba, ile tuliyoitafuta mpaka tukamsingizia jirani. Hakuipeleka kwa mama. Aliniashiria kwa kichwa nitoke uani, akaniwekea mkononi, akasema, "Mama yako leo hana nguvu ya kuiona. Mtunzie." Aliniangalia kidogo tu, akarudi kwenye misumari yake. Mimi nilibaki pale uani nimeishika kalamu, na nawaambia kweli, nilikuwa nimekwisha.

Mama alikataa katakata. "Fundi wa makochi? Wewe na masomo yako yote unataka ukaishi kwenye vumbi la sponji?" Nilimlilia, nikamnunia, nikamgomea chakula ambacho nilikuwa nakila kwa siri jikoni. Akanywea, lakini hakukubali. Fundi hakukata tamaa. Alianza kuja nami kanisani, kwetu Wamormoni, akakaa nyuma kabisa akiwa na vumbi kwenye nywele, na baada ya miezi akabatizwa. Tukaahidiana kufunga ndoa hekaluni, ndoa ambayo sisi tunaamini kifo hakiivunji. Ndipo ukaja wito wangu wa kwenda kutumikia nje, mwaka na nusu, kwenye nchi ambayo sikujua hata iko upande gani wa ramani.

"Nenda," Fundi aliniambia. "Mimi kazi yangu ni kungoja gundi ikauke. Nimezoea."

Uwanja wa ndege nilikuwa nimeshawekwa rasmi kuwa mmisionari, na mmisionari hakumbatii mwanaume. Tulipeana mkono tu, kama watu waliouziana kiwanja. Mhubiri wangu, alinong'ona, hilo ndilo jina alilonipa. Nikaingia ndani nikiwa nimekunja kiganja ili joto lake lisitoke.

Halafu, baada ya miezi michache ugenini, kwenye simu nikamwona mama anamwekea Fundi mto mgongoni. Mama yuleyule! Anamwita "baba". Nilimshukuru Mungu kwa magoti siku ile. Nilidhani amemlainisha mama kwa ajili yangu.

Basi wiki iliyofuata maneno ya Twiga niliitumikia kama mtu mwenye jino bovu, anayecheka na watu kwa upande mmoja wa mdomo.

Tulikuwa tunagonga milango kwenye jengo moja refu ambalo kila ghorofa lilikuwa na nchi yake. Mlango mmoja wanakutaka uvue viatu kabla hujasalimia, wa pili wanashangaa umevua viatu vya nini. Kuna babu aliyetusikiliza kwa heshima zote, mwisho akatuomba tumsaidie kuhamisha kabati. Kuna mama aliyetufungia mlango puani, kisha akaufungua tena kumuuliza Twiga anatumia mafuta gani ya nywele. Kazi ile niliipenda. Nilijifunza kungoja mtu anisalimie kwa namna yake kwanza, na kunyamaza pale ambapo kwetu ningesema. Nilijiona nimekuwa hodari wa kusoma watu wa kila taifa. Na wa nyumbani kwangu mwenyewe walinipita mbele ya pua.

Mtu tuliyemfundisha kwa karibu zaidi tulimwita Mama Maua. Naye alikuwa mgeni katika nchi ile, wa kutoka mbali kwingine, na aliuza maua karibu na lango la hospitali. Masomo tulimpa katika chumba cha nyuma cha duka lake, katikati ya ndoo, yeye anakata mashina, sisi tumekalia makreti. Ubatizo wake ulipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Na yule anayekungoja, hajambo?" aliniuliza.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyempa kisa cha Fundi kama somo. Nilimwambia, Mama, nyumbani kuna mtu ananisubiri bila kuchoka, na Mungu naye anatusubiri hivyo hivyo. Twiga alikuwepo. Nilikuwa na fahari kama mtu aliyetunga mwenyewe.

"Hajambo," nikasema.

Mama Maua akaweka mkasi chini. "Unajua, mambo mengine mnayonifundisha bado yananipa shida. Lile la kijana wako ndilo lililonifungua. Nikasema, kama binadamu anaweza, Mungu je?"

Twiga akaanza kupanga ndoo. Mimi nilikohoa, nikasingizia chavua.

Siku ya simu ikafika. Twiga alifunga dirisha, akakaa kwenye kiti chake karibu na ukuta, mahali anaponiona mimi na simu yangu, maana kanuni yetu ni kwamba mmisionari hamwachi mwenzake peke yake. Nilivaa ile blauzi ambayo Fundi aliipenda. Sijui kwa nini. Au najua, ila naona aibu.

Wakatokea. Mama huku, Fundi kule, mdogo wangu katikati, na kochi lenyewe limevalishwa kitambaa kipya cha rangi ya udongo.

"Mwanangu!" mama akapaza sauti, kana kwamba ndiyo itavuka bahari. "Mbona umekonda? Hamli huko?"

"Tunakula, mama. Kochi limependeza."

"Si Fundi huyu. Kaja mwenyewe, sijamwita. Hataki hata nauli."

"Hujambo, Mhubiri?" akasema Fundi, akitabasamu kwa macho, lile tabasamu lililonifanya niivuke dunia nikiwa na amani.

"Sijambo. Kitinda, na wewe?" Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na jina likamganda hivyo.

"Niko, dada." Aliangalia jagi, sio mimi.

Tukaongea. Bei ya sukari, shangazi na mguu wake, paka wa jirani aliyezalia kwenye viatu. Nilicheka pote palipotakiwa kicheko. Kisha mama akasema, kama anavyosema siku zote, "Haya, tusalie mwanangu, tusikuchoshe."

Wakainamisha vichwa. Wakafumba macho.

Mimi sikufumba.

"Baba yetu wa Mbinguni," nilianza, "tunakushukuru kwa siku hii." Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya goti lake. Nikashukuru kwa afya. Bado uko gotini. Moyo ukaanza kuniimbia kwamba Twiga ameona vibaya, kwamba macho ya kigeni hayajui kusoma mambo yetu, na nikaapa kimoyomoyo kwamba nitamwomba Fundi msamaha mpaka naingia kaburini. Nikamwombea shangazi mguu. Nikaombea majirani, nikaombea mvua, nikamwombea hata yule paka na watoto wake.

Ndipo mkono ukashuka. Haukuwa na haraka wala woga, ulikuwa unakwenda kwake. Ulipita juu ya mshono alioushona mwenyewe, ukafika kwenye mkono wa mdogo wangu, ukaufunika. Kidole gumba kikaanza kumpapasa, taratibu, kama mtu anavyompapasa mtoto alale. Na Kitinda, amefumba macho, kichwa kimeinama kwa heshima, akageuza kiganja juu ili wakutane vizuri.

Sauti yangu haikutetemeka. Mpaka leo najivunia hilo.

"Na umbariki Fundi, Baba. Ubariki mkono wake wa kulia, huo ulio juu ya mkono wa mdogo wangu."

Mkono uliruka kana kwamba kochi lina moto.

"Mbariki na Kitinda aliyegeuza kiganja. Na mama yangu, Bwana, kama alikuwa anajua, mpe nguvu ya kuniambia sasa hivi. Kwa jina la Yesu Kristo, amina."

"Amina!" akaitikia Twiga kutoka ukutani, kwa sauti safi, peke yake.

Kisha mama, ambaye hata siku moja hajashindwa na neno, akasema, "Sasa hiyo ni sala gani?"

"Ni sala ya macho wazi. Mama, ulikuwa unajua?"

"Tulitaka kukuambia ukirudi."

"Nikirudi nikute nini? Mjukuu anatambaa?"

"Usinipandishie sauti! Uko kwenye kazi ya Mungu. Ningekuvuruga moyo wako kwa mambo ya huku? Ungefundisha nini na huo moyo?"

"Kwa hiyo mlinidanganya kwa faida ya Mungu."

"Hukudanganywa. Hukuambiwa."

Nikacheka, kicheko kibaya. "Mama, huyu si ndiye ulisema atanikalisha kwenye vumbi la sponji?"

"Sasa hivi ana karakana na vijana chini yake. Na mtu hubadilika." Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Nisikilize mwanangu. Mwanaume hasubirishwi kama foleni ya hospitali. Wewe uliamua kwenda. Kijana alikuwa anakuja hapa amenyong'onyea, nani akae naye, mimi mzee? Mdogo wako akakaa naye. Nilipoona mambo yameshakuwa mambo, nikasema afadhali abaki humu humu ndani kuliko aende kwa watu. Nilikosea wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Hicho ndicho kilichonimaliza. Mama alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeokoa nguo kwenye kamba mvua inakuja, na haelewi kwa nini haambiwi asante.

"Dada, sikupanga," Kitinda akasema.

"Mkono ulijipanga wenyewe?"

"Sikupanga! Alikuwa anakuja kuongea habari zako. Wewe tu, asubuhi mpaka jioni. Nikachoka kukusikia. Halafu siku moja hakukutaja, na nikafurahi. Nikajichukia, lakini nilifurahi."

"Na kila wiki ukanikalia mbele ya simu na kuniuliza watu wa huku wanasukaje nywele."

"Ungetaka niulize nini?" Akaanza kulia. "Mimi nilikuwa naogopa uso wako."

"Na wewe, Fundi?" nikamgeukia. "Umepoteza ulimi?"

"Mama, naomba niongee naye nje," akasema, na kabla mama hajajibu akaichukua simu. Niliona dari, ukuta, mlango, kisha mwanga wa uani, uani kule kule alikonipa kalamu ya baba.

Nikamwangalia Twiga. "Nataka kuwa peke yangu. Kidogo tu."

"Siwezi kutoka," akasema kwa huzuni. "Lakini naweza kugeuka." Akageuza kiti, akakaa uso ukutani, magoti yake marefu yamegusa plasta, akaziba masikio kwa viganja. Maneno yenyewe hakuyaelewa, lakini aliziba.

"Mhubiri," Fundi alisema. Uso wake ulijaa simu nzima. Alikuwa na macho mekundu. "Niangalie."

"Nakuangalia. Nimekuangalia leo kuliko siku zote."

"Nilikuwa nimebaki peke yangu. Hujui upweke wa mtu anayemwona mpenzi wake mara moja kwa wiki, na mama mkwe pembeni. Kitinda anacheka kama wewe. Akiwa jikoni nasikia wewe. Nilikuwa nakufuata wewe ndani yake, basi."

"Huo ndio utetezi wako?"

"Ni ukweli. Mama yako ndiye aliyeanza kuzungumzia ndoa. Sikujua nitokeje. Nilikaa pale kila wiki nikiomba uone. Nakuapia, nilitaka uone."

"Ulimshika wakati nasali, Fundi. Nilikuwa nakuombea."

Akafumba macho. Chozi likamtoka, na mimi, mjinga wa kutupwa, nilitaka kulifuta. Kidole changu kilifika kwenye kioo kabisa.

"Rudi," alisema kwa sauti ya chini. "Waambie viongozi wako umeumwa, waambie lolote. Rudi wiki hii, nitakuwa uwanja wa ndege. Sema neno moja tu, namwacha leo hii. Yeye hana habari, nitajua namna ya kumwambia. Hakuna ndoa hapo, ni wewe."

Nitasema kweli, na mniwie radhi. Moyo wangu uliruka. Baada ya yote yale ulisimama kwa miguu miwili na kupiga makofi. Niliiona ndege, nikamwona yeye na shati lake la bluu, nikaona Jumamosi na kisima cha ubatizo, Mama Maua amevaa nguo nyeupe ananitafuta kwa macho, na mimi sipo. Na hata hapo, hata hapo, nilikuwa karibu kusema ndiyo.

Ndipo nikamwona Kitinda.

Alikuwa ametokea mlangoni nyuma yake, miguu mitupu, ameshika koti la Fundi. Nadhani alimletea kwa ajili ya baridi. Hakuwa karibu kiasi cha kusikia mnong'ono. Alisimama pale na macho yake yaliyovimba, anangoja amalize, kama mke anavyomngoja mumewe amalize mazungumzo na watu.

Fundi hakumwona. Mimi nilimwona vizuri kabisa, na mtandao siku ile ulikuwa safi kupita siku zote.

"Sikusikii," nikasema. "Sauti inakatika."

"Nimesema rudi."

"Bado inakatika. Paza sauti."

"Nimesema rudi!" Akausogeza mdomo kwenye simu. "Ukisema neno moja namwacha Kitinda leo! Simpendi yeye, nakupenda wewe! Umenisikia sasa?"

"Sasa nimekusikia."

Koti lilianguka. Fundi aligeuka, na sikuuona uso wake, niliona kisogo tu na sikio. Nilisikia jina la mdogo wangu, lile lake la kweli ambalo nyumbani halitumiki. Nilisikia "ngoja, ngoja nikuambie." Simu ikatupwa au ikawekwa, nikabaki naangalia anga na ukingo wa bati. Kisha mlango wa nje ukabamizwa, na nyumbani kwetu mlango ule haubamizwi ila na mtu anayeondoka.

Nikangoja. Anga likatikisika, na uso wa Kitinda ukaingia.

"Ulikuwa unaniona?" aliuliza.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimeshasema uongo mmoja na beji ya umisionari yenye jina la Bwana kifuani, wa pili ungenishinda nini?

"Nilikuwa nakuona."

"Na ukamfanya arudie."

"Ndiyo."

"Makusudi."

"Makusudi, Kitinda."

Alijipangusa pua kwa mkono wa blauzi, kama alivyokuwa akijipangusa alipokuwa mdogo na mimi namfokea aache. Nilimtafutia huruma moyoni mwangu, na sikuipata. Nilipata tu kwamba nimeumia, na kwamba yeye naye ameumia, na kwamba mimi ndiye niliyehakikisha.

"Alikuwa anakwambia urudi," akasema.

"Ndiyo."

"Utarudi?"

"Jumamosi nina mtu anabatizwa. Mwambie mama sirudi mpaka nimalize kazi yangu."

"Na yeye je?"

"Yeye nani?"

Mdomo wake ulitaka kucheka, kwa mazoea tu, maana tangu utoto mimi ndiye niliyekuwa namchekesha. Haukufika. Uso mzima ukaporomoka, akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na Twiga ukutani akageuka bila kuambiwa, akanikuta nimeishika simu kwa mikono miwili.

Sikumsamehe siku ile. Wala yeye hakunisamehe. Tulitazamana hivyo hivyo, machozi yanatutoka, na muda wetu wa simu ukaisha ukapita, na hakuna aliyekata.